Glaikoli, Samli na Shingo Yako

Manyamanyama, Bunda
Ijumaa, saa nane mchana

Nyanjura wangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Butiama kumuaga bibi yako, na tangu uondoke nimeuza sabuni mbili na losheni moja, na mara tatu nimeketi na kalamu nikainuka tena. Nimepika chai nisiyokuwa na hamu nayo. Nimefuta rafu nilizozifuta jana. Unanijua, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba ukimwona mtu anasafisha kitu kisafi, mtu huyo ana neno. Leo mwenye neno ni mimi.

Kesho alfajiri utapanda basi la Dodoma, uende ukasomee famasia. Habari za kufua, za kula kwa wakati na za vijana wanaojitia wema wa kubeba mabegi ya mabinti stendi, sitaziandika. Shangazi yako amekuhubiria juma zima mpaka nikakuonea huruma. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la shingo yako.

Lile baka la upande wa kushoto, chini ya sikio, ambalo ulipokuwa darasa la tatu ulikuwa unalifunika kwa kola ya shati hata wakati wa jua kali. Umekua ukijua kwamba ni samli ya bibi yako iliyokuchubua. Baba yako alijua hivyo, shangazi zako wanajua hivyo, na kanisani wanajua hivyo. Si kweli. Samli ya bibi haikukufanya kitu. Ni mimi.

Nilidhani mkono utakataa kuandika hayo maneno, kumbe umeandika tu. Sasa nitakueleza yote kuanzia mwanzo, na tafadhali usiruke kurasa, maana najua tabia yako ya kuanzia vitabu mwisho.

Nilipomaliza darasa la saba kule kwetu Majita, kazi ya binti nyumbani ilikuwa kuanika dagaa na kufukuza kunguru. Mjomba wangu akaniombea kazi Musoma mjini kwa Mama Zuhura, mwanamke aliyekuwa na duka la vipodozi karibu na soko. Ukimuuliza kabila alikuwa anasema baba Mmanyema, mama Mnyamwezi, na yeye ni mtu wa Musoma, basi, unataka nini kingine. Hakuuza vya viwandani tu. Chumba cha nyuma alikuwa anatengeneza losheni yake mwenyewe, na watu walikuja kuifuata kutoka mbali. Nilifika na mikono inayonuka dagaa. Alinitazama, akaninusa, akasema, "Binti, kwanza tuanze na wewe." Nilioga mara mbili siku ile.

Katika chumba hicho kulikuwa na dumu jeupe lenye kitu kama maji. Siku ya pili nikataka kusuuzia vikombe. Mama Zuhura alinipiga kofi la mkono, si la kuumiza, la kuamsha.

"Shika kwanza kwa vidole. Maji hayo?"

Nikashika. Yalikuwa yanateleza, mazito kidogo kuliko maji na mepesi kuliko glisirini. Hayana rangi, hayana harufu. Jina lake refu ni propilini glaikoli, wewe utalijua vizuri kuliko mimi. Sisi tuliita glaikoli tu.

Akachukua sahani mbili. Katika moja akadondosha tone la maji, katika nyingine tone la glaikoli, akaziweka dirishani. Jioni ile ya maji ilikuwa imekauka kabisa. Ile ya glaikoli, tone lilikuwa palepale, linang'aa. Akasema hicho ni kitu kinachoshika maji: kinayavuta yalipo, na yakishafika kwenye ngozi hakiyaachi yaondoke upesi. Ndiyo sababu losheni nzuri ukipaka asubuhi, mchana bado unajiona laini.

Kisha akanionyesha kazi yake ya pili. Alikuwa na unga wa dawa ya chunusi ambao ukiutia kwenye maji unaelea juu kama vumbi. Akautia kwenye glaikoli, akakoroga taratibu, na ule unga ukapotea wote, ukawa unaona mpaka chini ya kikombe. Nilishangaa kama mtu aliyeona mazingaombwe. Yeye akacheka.

"Huyu ni kuli, mwanangu. Kazi yake kubeba. Ukimtwika unga atabeba unga, ukimtwika bangi atabeba bangi, na ataingia nayo ndani kwa mlango uleule. Siku mambo yakiharibika usimlaumu kuli. Jiulize ulimtwika nini."

"Na akiwa mwingi?" nikamuuliza.

"Akiwa mwingi anakuwa mwizi. Hewa ikiwa kavu hana pa kuchota maji, basi anachota kwako. Na anachoma. Vijiko vitano vya chai kwa nusu lita, imetosha. Kijiko, si kikombe. Umesikia?"

Nilisikia, na ningeweza kukuimbia maneno hayo hata nikiwa usingizini. Lakini kusikia si kazi, mama.

Nilikaa kwake miaka sita. Nilipoolewa na baba yako, fundi wa magari wa Butiama mwenye mikono myeusi ya oili na meno meupe, tukahamia hapa Manyamanyama, nami nikafungua kibanda changu. Ndoto yangu ilikuwa kuuza losheni kama ya Mama Zuhura. Losheni ilinunuliwa, lakini polepole. Wanawake walikuwa wanaingia, wananusa, halafu wananong'ona, "Mama Nyanjura, kitu cha kung'arisha huna?"

Nikawa nacho. Sitakuficha, na hata nikikuficha utasoma chuoni. Nilikuwa nakoroga. Zile krimu za tyubu zinazotakiwa ziandikwe na daktari, ambazo zinauzwa kama pipi, nilikuwa nazikamua kwenye losheni yangu. Nikagundua kwamba nikizidisha glaikoli, rangi inatoka upesi zaidi, maana kuli alikuwa anaingiza mzigo mzima ndani ya ngozi. Vijiko vitano vikawa kumi, kumi vikawa kikombe. Wanawake wa Buhemba, wanaopika na kuuza nguo kule kwenye machimbo ya dhahabu, walikuwa wanakuja na magari kunifuata mimi. Wakaanza kuniita Dokta. Mwanangu, uniamini katika hili: mimi mambo yangu yaliharibika siku nilipoanza kuitika.

Wewe ulikuwa na miaka mitano na ulikuwa na pumu ya ngozi, pale shingoni na kwenye mikunjo ya viwiko. Haikuwa kubwa. Kiangazi kikija na ule upepo mkavu, ulikuwa unajikuna, mvua zikirudi inatulia. Mwaka huo ulikwenda kwa bibi yako wiki mbili. Unajua desturi yake. Jioni wajukuu wakishaogeshwa anawapanga mkekani mmoja mmoja, anachota samli kwenye kile kibuyu chake kidogo, anaisugua viganjani mpaka ipate moto, kisha anampaka mtoto kuanzia kisogo hadi nyayo huku akimtajia majina ya mababu. Ulirudi umenenepa, unanuka maziwa, unacheka ovyo. Shingo yako ilikuwa vilevile kama ulivyoondoka. Nataka uielewe sentensi hiyo. Ilikuwa vilevile.

Ila ulikuwa unajikuna, na siku hiyo alikuwepo mteja. Akakutazama akasema, "Dokta, na wako anajikuna?" Akacheka kidogo tu. Mimi nikachomwa. Mtoto wa Dokta wa Manyamanyama ajikune kama mbuzi mnadani! Mteja alipoondoka nikachukua glaikoli tupu kutoka kwenye dumu, bila maji, bila chochote. Nikawaza: kama kijiko kimoja kinalainisha, basi tupu itaponya. Hilo ndilo kosa letu sisi wakorogaji. Kila kitu kizuri tunataka kukiongeza.

Nikakupaka shingoni. Ukapiga kelele, "Mama, inachoma!"

"Tulia. Dawa ikiuma ujue inafanya kazi."

Nilibana mikono yako katikati ya magoti yangu ili usiifute. Asubuhi na jioni, siku tatu. Siku ya tatu jioni ulikuwa hulii tena, ulikuwa umekaa tu unaniangalia na mikono umejifunga mgongoni mwenyewe, kabla sijakushika. Hilo ndilo ninaloliota mpaka leo. Si kidonda.

Maana shingo ilikuwa imeshakuwa kidonda. Ngozi ilikuwa nyekundu, inatoa maji. Nikaogopa, na katika kuogopa nikafanya ujinga wa pili, nikakupaka ile krimu yangu ya wateja ili uwekundu utulie. Ukatulia kweli, siku mbili nzima. Nikajipongeza. Kisha kidonda kikafumuka na usaha juu yake, na homa.

Baba yako alikuwa Musoma kwa kazi ya gari la mtu. Alirudi siku hiyohiyo, akakuinua, akaona shingo.

"Nani kamfanya hivi mtoto wangu?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema kweli, Nyanjura. Watu husema uongo unaponyoka. Wangu haukuponyoka. Niliutazama, nikauchagua, nikausema. "Katoka hivyo Butiama. Mama alikuwa anampaka samli." Baba yako alikuwa ametoka kuniambia wiki moja kabla kwamba akisikia nakoroga tena krimu za tyubu atakivunja kibanda, nami nikamwapia kwamba nimeacha. Ndicho nilichokuwa nakilinda. Kibanda.

Zahanati waliniuliza umempaka nini, nikasema samli, na nesi akaandika alichoambiwa. Ulipona baada ya zaidi ya mwezi. Likabaki hilo baka.

Jumapili iliyofuata baba yako alikwenda Butiama. Sikuwepo, ila nilisimuliwa. Alimfokea mama yake mbele ya wadogo zake na wake zao. Alimwambia asiguse tena ngozi ya mtoto wake, aache ushamba wake kwenye zizi. Bibi yako aliinuka akaenda kufunga ndama.

Na kuanzia hapo hakukupaka tena. Ulikuwa unakwenda likizo na chupa yako ya losheni kwenye mkoba. Jioni wenzako wanapangwa mkekani, wewe unakaa kizingitini na chupa yako, unajipaka mwenyewe, unawatazama wanavyong'aa. Ulikuwa na miaka minane uliponiuliza, "Mama, mbona bibi hanipaki mimi?" Nikakujibu kwamba ngozi yako inachagua mafuta. Ulikubali. Watoto wanatuamini kwa namna inayotisha.

Mtu mmoja tu hakudanganyika. Kidonda kilipofunga nilikupeleka Musoma ukamsalimie Mama Zuhura. Alikupa kashata, akakushika kidevu, akageuza shingo yako kwenye mwanga wa mlango.

"Ulimpaka tupu," akasema. Hakuwa anauliza.

"Ni samli, Mama Zuhura. Bibi yake."

"Samli haiachi ukingo hivi. Hapa pamefuata mkono wa mtu." Akakuachia kidevu, akakufuta unga wa kashata mdomoni. "Haya. Mzigo umeutwika mwenyewe. Kuli hana neno."

Sikurudi kwake tena. Miaka yote ile aliyonilea, nami nilirudi kwenye nyumba yake siku ya msiba wake tu, nikakaa nyuma na wanawake nisiowajua. Hilo nalo limo kwenye hesabu yangu na Mungu.

Ungedhani basi niliacha kukoroga. Sikuacha. Niliendelea karibu miaka miwili. Nililia, niliomba toba, na kesho yake nikafungua kibanda nikakamua tyubu. Nakuambia hivi kwa sababu utakutana na watu wanaosema majuto yamewabadilisha siku moja, na pengine utajidharau wewe ukiona yako yanachelewa. Mimi kilichonibadilisha ni mama mmoja aliyeingia na binti yake wa miaka sita, mtoto amechaguliwa kubeba maua kwenye harusi. Akataka nimpake ang'ae kabla ya Jumamosi. Yule mtoto akaona nanyoosha mkono kuchukua kopo, akaficha mikono yake mgongoni. Nikamwambia mama yake kwamba dawa imeisha. Walipoondoka nikamwaga kila kitu chooni, nikabaki na losheni na sabuni. Wateja wa Buhemba wakahama. Baba yako akadhani biashara ni mbaya tu mwaka ule, akaniletea kuku wa kunifariji, na mimi nikamla.

Alipofariki nikasema sasa naweza kusema, hakuna tena wa kukasirika. Miaka minne imepita tangu tumzike, na aliondoka akiamini kwamba mama yake alimuunguza mtoto wake. Walikuwa wanasalimiana, alikuwa anampelekea sukari na shuka, lakini hakuwahi kulala tena katika nyumba ya mama yake. Hilo mimi siwezi kulirekebisha. Nimelitafutia mlango kila upande, halina. Na bado sikukuambia, kwa sababu baada ya kumwogopa yeye nikaanza kukuogopa wewe.

Kisha ikaja Jumapili ile ya kukuaga kanisani. Ulivaa kile kitenge cha bluu, ukasimama mbele, na mimi nilikuwa nimevimba kwa fahari hata viatu vilikuwa vinanibana. Ukashukuru wazee, ukashukuru kwaya. Kisha ukashusha kola kwa kidole, ukawaonyesha watu baka lako, ukasema, "Mimi nasomea famasia kwa sababu ya hili. Nikimaliza nitarudi kuwafundisha bibi zetu waache kutupaka vitu vya kienyeji wasivyovijua." Kanisa zima likapiga makofi. Bibi yako alikuwa benchi la mbele, tulikuwa tumemleta kwa gari. Nilimtazama. Alikuwa anapiga makofi na yeye, kwa mikono ileile, anatabasamu, anawageukia waliokaa nyuma yake ili wajue huyo ni mjukuu wake.

Sikula siku ile. Ulisema ni presha.

Juzi Jumatano nilikuaga kwamba nakwenda Musoma kuchukua mzigo. Sikwenda Musoma. Nilikwenda Butiama. Nilimkuta amekaa na ungo wa ulezi, anatoa mawe. Nikapiga magoti, na hapo nikasema kabla sijasalimia vizuri.

"Mama, ile shingo ya Nyanjura sio samli. Ni mimi nilimpakaga dawa ya dukani."

Akaendelea kutoa mawe. "Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu ile siku bwana yako amekuja kunifokea hapa. Mimi nimepakaga watoto saba, na wajukuu sijui wangapi. Samli yangu haijawahi kuchubua hata kuku."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

Akaweka ungo chini. "Ningesema, wewe ungekaa kwenye nyumba ile? Mtoto wangu namjua, ndio mimi nilimzaa. Hasira yake ilikuwaga inatangulia, akili inafuata kwa miguu. Angekufukuza siku ileile. Na kale katoto kangelelewa na nani? Na mimi, na huu mgongo?" Akanitazama. "Nikaona heri nikose kumpaka, yeye asikose mama."

Nililia, Nyanjura, nililia kwa sauti kama mtoto. Bibi yako aliniacha kidogo tu, halafu akanisukumia ungo. "Shika, toa mawe. Ukilia, lia huku unafanya kazi, giza isitukute." Unamjua alivyo. Tukatoa mawe wote wawili mpaka ulezi ukaisha.

Nilipoinuka kuaga akanishika mkono. "Kitu kimoja nataka. Akija kuniaga, nimpake. Mara moja tu, halafu aende zake na usomi wake."

"Mpake, mama."

"Na wewe umwambie. Mimi simwambii, hiyo sio kitu yangu."

Kwa hiyo ninavyoandika hapa, pengine umekaa mkekani kwake na miaka yako kumi na tisa na simu yako mkononi, unashangaa bibi amepatwa na nini leo. Usimzuie. Ngozi yako haikuwahi kuchagua samli.

Inachokikataa ni glaikoli, hata kidogo tu. Wapo watu wa namna hiyo. Losheni zangu zote hapa dukani zina glaikoli hadi leo, vijiko vitano kwa nusu lita, na sioni aibu nazo. Kitu chenyewe hakina kosa, na utakapokuwa umevaa koti jeupe utawasikia wengine wakikiita sumu na wengine wakikisifu kama maji ya baraka, nawe utawaeleza kwa utulivu kuliko ninavyoweza mimi. Ila losheni yako wewe, tangu ulipopona, naitengeneza peke yake, katika sufuria yake, kwa glisirini kidogo bila tone la glaikoli, na naitia kwenye chupa yenye uzi mwekundu shingoni. Ulikuwa unawatambia wenzako kwamba ni upendeleo. Ilikuwa woga. Ilikuwa upendeleo pia. Nimekuwekea chupa tano kwenye begi, na kipimo chake nimekuandikia kwenye karatasi ndani ya kiatu cha kushoto, ujitengenezee zikiisha.

Sikuambii haya ili uache ulichokisema kanisani. Nenda kasome. Ila sababu uliyoianzia safari yako mimi ndiye niliyeitunga, na nisingeweza kukuona unaibeba mpaka Dodoma, unaisimulia kwa walimu, unaiandika kwenye fomu, unazeeka nayo. Nakuomba msamaha. Sikuombi unipe leo. Bibi yako alinipa kabla sijaomba na imeniuma kuliko kufokewa, kwa hiyo wewe ukitaka kunifokea, nifokee. Nimekupenda hata nilipokuwa nimebana mikono yako, na najua sasa kwamba kupenda kwenyewe hakukutosha.

Hapa nilikuwa nimalize, niweke jina langu, nikunje. Lakini pikipiki imesimama nje na umeingia. Umeweka mfuko wa ulezi sakafuni, na kabla hujasema kitu samli imenifikia mpaka huku kaunta. Shingo yote inang'aa, na baka pia.

"Mama, bibi amenipaka leo," umesema. "Mwili mzima, kama katoto. Analia huku anacheka. Nikamuuliza mbona leo, akasema nimuulize mama yangu. Kuna nini?"

Nimekuambia ukae hapo kwenye stuli, namalizia mistari michache.

Nilikuwa nimepanga hii barua niifiche chini ya mashuka ndani ya begi, uikute Dodoma, mimi nikiwa mbali na macho yako. Mpango huo nilikuwa nimeuita ushauri wa busara, eti usome ukiwa umetulia. Sasa umekaa hatua mbili kutoka kwangu, unaninyooshea shingo ninuse, unacheka, na naona ni kibanda kilekile nilichokuwa nataka kukilinda tena. Basi nakupa mkononi. Isome hapahapa, mbele yangu. Mlango nimeufunga, wateja watarudi kesho, na mimi siondoki.

Mama yako